Anifa na Mbwa wa Mzee Matano

Anifa alianza kuhudumia wanyama wa wazee baada ya kumzika mama yake. Siku za mwisho, mama akiwa hawezi hata kugeuka kitandani, alichokuwa akiuliza ni kama paka amekula. Arobaini ilipopita Anifa akawakumbuka wazee wa kijiji alichozaliwa huko Kurui, waliobaki peke yao na paka au mbwa wa shamba, watoto wao wakiwa Dar au viwandani Zegereni. Yeye alikuwa akiuza vitenge Kisarawe mjini. Kila Jumamosi akawa anafunika meza yake na kupanda gari kwenda Kurui, na mfuko wa dagaa na dawa ya kupe. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa.

Watu walimsema. Mjane wa Kiislamu, kutwa kushika mbwa. Shemeji yake alimwambia atatawadha mpaka kisima kikauke. Anifa akaendelea kwenda. Alikuwa na kanga ya kazi na ndoo yake. Akimaliza ananawa kwa udongo na maji kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, anabadili nguo, anaswali.

Miongoni mwa wazee wale alimpenda sana Mzee Matano. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, akiona vivuli tu. Mbwa wake, dume jekundu aliloliita Watasema, ndiye aliyefukuza ngedere na nguruwe pori kwenye mihogo, na ndiye aliyemtangulia njia ya shambani, mzee akifuata nyuma kwa fimbo.

"Ndani haingii, mwanangu," Mzee Matano alimwambia Anifa. "Yeye analala nje ya kizingiti, mimi ndani. Lakini tunazungumza."

Mwaka jana ikatangazwa kwamba bwana mifugo atakuja kwenye uwanja wa shule kuchanja mbwa, chanjo ya kichaa. Wazee hawakuweza kuwapeleka mbwa wao, Anifa akajitolea. Kwa kuwa Watasema alikuwa mgomvi, hakutaka kumchanganya na wenzake; akasema atampeleka mwisho. Akaanza na jike la Bi Salama, jirani wa Mzee Matano, kisha wengine. Alipofika na Watasema, jua lilikuwa kali na boksi la dawa lilikuwa tayari limefungwa.

"Dawa imeisha, mama," bwana mifugo alimwambia. "Tutarudi."

"Lini?"

"Tutatangaza."

Hawakutangaza. Anifa akapiga simu, akaambiwa asubiri. Akapatana na mwenye bodaboda awapeleke yeye na mbwa hadi Kisarawe kwenye chanjo. Yule kijana alipomwona Watasema akawasha pikipiki na kuondoka.

Masika yalipoingia, mbwa mgeni akapita kijijini akitokwa na mate, akang'ata mbuzi. Watasema akapambana naye kwenye mihogo, hatua chache kutoka mlangoni kwa mzee, hakumwachia apite. Wanakijiji wakamuua yule mgeni kwa magongo. Watasema akarudi kizingitini, sikio limechanika na shingo ina jeraha.

Anifa alipofika, bwana mifugo alikuwa uani kwa Mzee Matano na watu wamejaa.

"Huyu hana chanjo na ameng'atwa," alisema. "Siwezi kumwacha hai."

"Tumfunge tumwangalie," Anifa akasema.

"Ni miezi, mama. Nani atamlisha na kumchunga miezi yote hiyo? Mzee asiyeona?"

Anifa alitaka kusema mimi. Akaifikiria meza yake, na chumba anachokilipia kodi, na kwamba Kurui hana tena nyumba ya kulala. Watu wakamngoja, kisha wakaacha kumngoja.

"Basi Anifa amshike," Mzee Matano akasema. "Amemzoea."

"Baba, ingia ndani," Anifa akamwambia.

"Nitakaa hapa hapa."

Watasema alipomwona Anifa akatikisa mkia, akanusa mfuko wa dagaa. Anifa akakaa chini, akampakata kichwa. Sindano ikaingia. Akawa mzito mapajani mwake, na mzee akawa anaita jina lake taratibu, mpaka bwana mifugo alipomwambia ameshakwenda.

Mzee Matano akapelekwa hospitali kuchomwa sindano za kinga, maana mbwa alikuwa akimlamba mikono. Aliporudi, ngedere walikuwa wameingia shambani mchana kweupe, na mihogo imeisha. Firdausi, binti yake anayefanya kazi kiwandani, akaja kumchukua kumpeleka Zegereni.

Anifa alikwenda kumwamkia. Alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, malori yakipita nje na kutikisa dirisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani?"

"Anifa."

Mzee akapapasa ukingo wa kitanda.

"Yule wa Salama alichanjwa?"

"Alichanjwa."

"Yule hatoki uani. Analala jikoni kutwa nzima."

Anifa akaweka machungwa aliyomletea juu ya stuli, akaaga.

Firdausi akamsindikiza hadi barabarani. "Dada, usinielewe vibaya," akasema. "Asubuhi anaamka, anapapasa ukuta kutafuta mlango wa kwenda shambani. Akikumbuka, anakaa. Nimeanza kumzoesha huku. Sasa wewe ukija, najua leo hali chakula tena. Naomba usije."

"Sawa," Anifa akasema.

Jumamosi iliyofuata hakufunika meza. Bi Salama akapiga simu kwamba jike lake limejaa kupe, hata kulala halilali. Anifa, akimpimia mteja kitenge, akamwambia ana homa, akipata nafuu atakuja. Bi Salama akamwombea shifaa. Wiki nyingine akapiga tena, na nyingine pia. Kisha akaacha kupiga.