Dairekta Elisaria na Shingo ya Silantoi

Elisaria wa Kikatiti alikuja Ngaramtoni akiwa mpiga picha za pasipoti, na kama angebaki kwenye pasipoti tungeishi kwa amani. Alikuwa na kitambaa cha bluu ukutani, kiti kimoja na kitana cha kuazima wateja. Basi. Halafu akanunua kompyuta, akavaa kofia nyuma mbele, akaanza kujiita Dairekta. Baba mzima, na kipara kinamchungulia kwenye tundu la kofia.

Mimi nashona mlango wa pili. Ukuta wetu ni wa mbao, kwa hiyo maisha yake nimeyasikia, hata yale nisiyoyataka. Video ya harusi anaikata kwenye programu moja. Akimaliza kukata, badala ya kumpa mwenye harusi mali yake, anaihamishia kwenye programu nyingine ambayo kazi yake ni rangi tu. Huko ndiko anakoishi. Atashinda kutwa anavuta shavu la bibi harusi mpaka liwe la machungwa, na mlima Meru, ambao sisi tumezaliwa tukiuona, anaufanya bluu kama ndoo ya plastiki. Akiridhika anairudisha kule kwa kukatia, anabandika muziki, kazi imekwisha.

"Mama Joyce, shikamoo. Njoo uone sinema."

"Marahaba. Sinema gani? Huyu si Yona wa duka la pembejeo? Mbona umemfanya kama amechemshwa?"

"Ndiyo gredi hiyo ya rangi, Mama. Ulaya ndivyo wanavyofanya."

"Basi mpeleke Ulaya."

Wateja anao, hilo sikatai. Watu wanapenda kuonekana kama si wao.

Sasa ikaja harusi ya Silantoi, binti wa Resiato wa Olmotonyi. Nguo nilishona mimi. Nyumba ile ni Walutheri wa kweli, kwaya wanaimba, mavuno wanapeleka kanisani. Lakini binti akitoka kwa baba yake siku ya kuolewa, hatazami nyuma. Wazee wanamtemea maziwa ya baraka, anainamisha kichwa, anatembea taratibu mpaka nje ya lango, na shingo haigeuki. Akitazama nyuma anakuwa jiwe. Wasioamini la jiwe nao watakwambia huyo hatakaa kwa mume. Hakuna mchungaji aliyewahi kuliondoa hilo, na waliojaribu walipewa chai wakaenda zao.

Silantoi alikwenda vizuri mpaka langoni. Hapo Resiato, mama yake, akashindwa kujizuia, akaangua kilio. Mtoto akatazama nyuma. Kidogo tu, ukipepesa macho umekosa. Watu wa upande wa mume walishatangulia kwenye magari, na wazee walishaingia ndani. Tulioona ni Resiato, mimi na kamera ya Elisaria.

Kesho yake Resiato alikuja studio mbio mbio, kilemba kimekaa upande.

"Mwanangu Elisaria, pale langoni pakate. Mama mkwe wake ni Simaloi wa Oldonyosambu. Akipaona, mtoto wangu hana maisha kule."

"Mama, kitu kidogo hicho. Nimeshakata. Tena nimeiweka silomosheni, anatembea polepole kama malkia, na kabla hajafika langoni naingiza maua." Akamwonyesha, nami nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Kweli, ilikuwa imekatwa vizuri. Resiato akashukuru mpaka akatia aibu.

"Ukishamaliza mambo yako ya rangi, uitazame yote upya," nilimwambia kupitia ukutani.

"Mama Joyce, mimi ni profesheno."

Profesheno alifika kwa Simaloi siku ya kutazama video, projekta begani na ile kofia. Ukoo mzima umekaa, Resiato na mimi tumealikwa, shuka jeupe limetundikwa ukutani, chai ya maziwa inazunguka, na anayeimimina ni Silantoi mwenyewe. Simaloi alikaa mbele kabisa, mwanamke mrefu, asiyecheka mpaka apewe sababu. Tukatazama kanisa, tukatazama keki, kila mtu wa machungwa. Baadaye ikaja ile ya Olmotonyi, nyumbani kwa bibi harusi.

Nikaona mtoto hatembei kama malkia. Anatembea kama mtu wa kawaida, chap chap. Akafika langoni, maua hayajaja. Shingo ikageuka. Tena kwa rangi safi, chozi linang'aa, huwezi kusema hukuona.

"Rudisha hapo," Simaloi akasema.

Mtu mwenye akili angejikwaa kwenye waya wa umeme. Elisaria akarudisha.

"Mmeona eeh?" akasema, meno yote nje. "Hapo niliteseka sana na ngozi."

"Simamisha."

Akasimamisha! Uso wa Silantoi ukabaki ukutani mkubwa kama mlango, unatutazama sote. Resiato aliinamia kikombe chake kama anatafuta kitu ndani.

"Silantoi, huyo ni nani?"

"Ni mimi, yeyo," akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Unatazama nini?"

"Mama alikuwa analia."

"Mama yangu mimi alilia mpaka akaanguka. Nilimsikia akianguka. Sikumtazama."

Sankale, mumewe Silantoi, akajaribu. "Mama, sisi ni watu wa kanisa."

"Kanisa halijaniambia nipikiwe na jiwe." Simaloi akasimama. "Huyu atarudi kwao." Resiato akashtuka mpaka chai ikamwagika. "Atarudi, halafu atatoka tena. Atoke vizuri. Nitakuwa nje ya lango mwenyewe."

Nilimfuata Elisaria nje, anakunja waya zake.

"Silomosheni haikuvuka, Mama Joyce. Nilipohamishia kwenye rangi, programu ikachukua kile kipande bila ule mwendo wa polepole. Urefu wake ukabaki ule ule, sasa mtu anatembea kasi, si atafika mbali? Akapitiliza pale nilipokata."

"Na ilipokuwa inarudi hukuiona?"

"Niliiona. Ila nilikuwa naangalia ngozi."

Nimesikia sababu nyingi maishani. Walevi wanazo, wanasiasa wanazo. Hii sikuwahi.

Silantoi alirudi Olmotonyi, akatoka tena, bila gauni wala kwaya, na kanga mbili tu. Maziwa yakatemwa upya. Resiato tulimfungia chumba cha nyuma, kilio kisimfikie mtoto, amejikunjia kitenge mdomoni. Mimi na jirani mmoja tulikuwa tumeshika mlango na niliusikia ukitikisika. Mtoto akaanza kutembea, kichwa chini. Simaloi alikuwa anamsubiri ng'ambo ya lango, ameshika fimbo.

Na nani amesimama katikati ya lango? Elisaria. Kamera alinyang'anywa na wazee, lakini amekunja vidole viwili viwili mbele ya jicho kama fremu, anapima picha. Nikamwachia mwenzangu mlango, nikaenda.

"Mwanga wa leo mzuri kweli, Mama Joyce," akaninong'oneza. "Hapa ni gredi kidogo tu."

Silantoi alikuwa ameshafika karibu, macho chini, hamwoni.

"Sogea," nikamwambia. "Unaziba njia."