Zipu Mgongoni mwa Dubwana

Mitumba ilipofurika Mwanza, cherehani yangu ya kukanyaga ilikaa barazani kwetu Buzuruga ikila vumbi. Zamani mtu akitaka gauni la Pasaka alileta kitambaa mwezi mzima kabla, akapimwa, akarudi kujaribisha. Sasa anapita mbele yangu asubuhi akienda sokoni, saa nne anarudi na gauni la Ulaya kwenye mfuko wa rambo, kisha anasimama kwangu kuniomba nipunguze kiuno. Nilipunguza viuno mpaka nikachukia viuno.

Mume wangu naye alikuwa nyumbani. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kiwanda kilipopata wenyewe wapya, alikuwa katika kundi la kwanza la waliopunguzwa. Ni Msukuma mwenye mabega kama mlango na maneno machache. Mwezi wa kwanza alitengeneza kila kilichoharibika mle ndani ya nyumba. Vilipokwisha, akaanza kufungua vilivyo vizima. Siku nilipotoka kanisani nikakuta amefungua cherehani yangu, vyuma vyote vimepangwa juu ya gazeti, tulikaa siku tatu bila kusemeshana.

Hapo ndipo alipokuja mwenye duka. Alikuwa na duka la televisheni na redio mjini, na siku hizo alikuwa ameleta deki mpya, zile za kuchezesha sidii badala ya kanda.

"Fundi," aliniambia, hata kukaa hajakaa, "nataka unishonee mtu wa kusimama mlangoni kwangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

"Mtu hashonwi, bosi."

"Utaona. Njoo dukani."

Nilikwenda kesho yake. Alinikalisha chumba cha nyuma, katikati ya maboksi, akaweka sidii. Ilikuwa michezo ya zamani ya televisheni kutoka Japani. Waliongea Kijapani, chini yanapita maandishi ambayo naye hakujua ni ya lugha gani. Alipewa katoni nzima Dar alipokwenda kuchukua mzigo, na hakuna aliyezinunua. Lakini kila alipoziweka kwenye televisheni ya mlangoni, watu walijaa mpaka wateja wakakosa pa kupita.

Nilielewa kwa nini. Dubwana lilitoka baharini, refu kuliko maghorofa, uso kama wa samaki kamongo aliyeota pembe. Likapiga ghorofa teke, ghorofa likafumuka kama boksi la sabuni, kwa sababu lilikuwa boksi. Ndege za jeshi zikaja zikining'inia, na uzi nikauona. Kisha akatokea shujaa, naye mrefu vilevile, nguo imembana toka kichwani hadi kidoleni, akasimama mkono kiunoni kama mwalimu wa zamu. Wakakamatana. Wakaangushana juu ya nyumba za watu. Na lile dubwana lilipogeuka, nikaona zipu. Zipu nyeupe, ndefu, kutoka kisogoni hadi mkiani.

Mwenye duka alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilikasirika.

"Fundi gani huyu?" nilisema. "Zipu nyeupe kwenye nguo ya kijani! Hata kuificha ameshindwa?"

"Wewe utaificha?"

"Mimi sijawahi kumtoa mtu kwangu zipu inaonekana."

Tukakubaliana. Kwanza alitaka shujaa. Nikazunguka Mwanza nzima nikitafuta kitambaa kinachong'aa kama bati, nikapata satini ya kijivu, nikakata. Baada ya siku mbili akanitumia mtu: shujaa hapana, anataka dubwana. Watu, alisema, wanampenda dubwana. Satini ilikuwa imeshakatwa miguu na mikono. Nilikaa nayo mapajani, nikawa naangalia tu barabara.

Dubwana halishonwi kwa kitambaa peke yake. Nilichana godoro la sponji, nikalibandika kwa gundi ya viatu iliyoniumiza kichwa siku nzima. Juu yake nikashona turubai. Sindano zilivunjika moja baada ya nyingine. Kila nilipotaka kuangalia tena mkia unavyoungana na mgongo, nilifunga safari hadi dukani, mwenye duka anasimamisha picha, naegemea kioo kuangalia mshono, umeme unakatika. Ulikuwa wakati wa mgao. Jenereta analo, lakini la wateja. Nilikaa kwenye kile chumba na joto lake nikingoja umeme, kipimo cha mkia kikiwa kichwani nusu.

Swali lililobaki lilikuwa nani atavaa. Kijana wa dukani alijaribu, akapotelea ndani. Mwenye duka akaniuliza kama sijui mtu mwenye mwili. Nilimjua. Sikutaka kumtaja. Mtu aliyekuwa akisikiliza mashine ya pamba kwa sikio tu akajua ni bolti gani imelegea, leo nimpeleke barabarani akacheze ngoma ya godoro? Lakini jioni ile nilikuwa nimechoka, nikasema tu, kwa kejeli, "Wanatafuta mtu mkubwa wa kuvaa lile guo."

Mume wangu aliweka kikombe chini. "Nitavaa mimi."

"Natania."

"Mimi sitanii."

Nilimwambia watu watamcheka. Akasema watu wanacheka hata sasa, ila wanachekea pembeni. Nilichukua kikombe chake nikaenda kukiosha, na chai ilikuwa bado nusu.

Tangu hapo akawa anakwenda dukani nami. Nilidhani ataangalia mara moja aone upuuzi wenyewe. Badala yake alivuta boksi, akakaa, akaangalia sidii tatu mfululizo, mikono magotini kama yuko kwenye mahubiri. Nilimnong'oneza, "Unaona uzi wa ile ndege?"

"Naona."

"Unaona ghorofa ni karatasi?"

"Naona. Tena zimejengwa vizuri. Madirisha yote yamekatwa, hata ngazi za nje zipo. Kuna mtu amekaa siku nyingi anazijenga, na anajua zitavunjwa mara moja tu." Akaelekeza kidole kwenye dubwana. "Mwangalie anavyotembea. Haoni mbele. Anapapasa kwa mguu kwanza, ndipo anakanyaga."

Nyumbani akaanza kutembea hivyo uani. Watoto wetu wawili wakawa nyuma yake kama vifaranga. Akachukua maboksi matupu ya televisheni, akakata madirisha kwa wembe, akajenga mtaa mzima: ghorofa nne, kanisa lenye mnara, na tangi la maji. Mimi niko barazani nimevunja sindano nyingine, yeye anapaka mnara rangi huku anapiga mluzi. Miezi minane sikuwa nimesikia mluzi ule. Ilinipasa nifurahi. Nilichofikiria ni kwamba hakuna aliyemwambia apake mnara, na rangi ile ni ya kwangu ya pembe.

Zipu niliificha. Nilishona ukingo wa miiba mgongoni, safu mbili zinazofunikana, na zipu ikalala katikati yake. Niliitoa kwenye koti zito la mitumba, ikawa ngumu kidogo, nikaipaka mshumaa. Ukitazama nyuma huoni kitu. Nilijisifu peke yangu.

Jumamosi yenyewe jua lilikuwa kali tangu saa tatu. Tulimvalisha ndani ya duka. Nilipopandisha zipu nikafunika miiba, mwenye duka alizunguka mara mbili akasema, "Fundi, hii inashinda ya Japani." Kisha mume wangu akatoka nje.

Barabara ilisimama. Watoto walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Mwendesha baiskeli mwenye tenga la samaki alishuka mwenyewe kabla hajaanguka. Mume wangu alipapasa kwa mguu, akakanyaga, akageuza kichwa polepole, akaunguruma. Sikujua ana sauti ile. Akafika kwenye mtaa wake wa maboksi, akasimama mbele ya kanisa kama anayefikiri, akaliacha, akavunja tangi. Watu walipiga kelele kama wako uwanjani. Mama mmoja mtu mzima, kanga amejitanda, alikuwa anacheka huku anajipiga paja, akisema, "Yesu na Maria, ni mtu! Miguu ni ya mtu!"

Baada ya muda dubwana likakaa chini. Watu wakacheka. Likajipiga kifua. Wakacheka zaidi. Likaelekeza mkono mgongoni, likanigeukia pale mlangoni nilipokuwa, likapiga kifua tena mara tatu, na ndipo nilipotambua kwamba huyu hachezi, anataka kutoka.

Nilikimbia. Nilifunua ile miiba, nikashika zipu, ikateremka kiganja kimoja na kukwama. Turubai ilikuwa imeingia kwenye meno yake. Nilivuta, haikusogea. Miiba ilinifunika vidole, sioni ninachoshika. Ndani nilisikia anapumua kama mtu aliyekunywa maji kwa pua.

"Vumilia," nilimwambia.

"Kata," akasema.

Mwenye duka alikuwa ameshafika. "Usikate! Fundi, usikate, ivute taratibu!"

Nilikuwa na mkasi kwenye mfuko wa gauni, sitembei bila mkasi. Nikakata kutoka shingoni hadi kiunoni, turubai, sponji, miiba, vyote. Kichwa kikatoka. Mume wangu akajitokeza amelowa chapachapa, vipande vya sponji ya njano vimemganda usoni, macho mekundu. Umati ukashangilia, wakidhani ndivyo mchezo unavyokwisha. Mwenye duka alikuwa ananifokea kuhusu mali yake. Nami nilikuwa namfokea mume wangu kwa nini hakusema mapema, na yeye, jasho linamchuruzika usoni, alikuwa anacheka.

Pale ndipo nilipomwelewa yule fundi wa Japani. Alijua kuna mtu ndani. Niliona aibu, na aibu yangu hutoka kama hasira, kwa hiyo sikumwambia mtu.

Mtu mmoja alijipenyeza kwenye umati akamshika mume wangu bega. "Wewe si yule fundi wa mashine za pamba? Tumekutafuta, tukaambiwa umerudi kijijini." Alikuwa na mashine mbili za kusaga nafaka kule kisiwani, Nansio, zote zinasumbua, na hana mtu wa kuaminika. Waliongelea mikanda na beringi pale pale njiani, mume wangu mkia bado umemfunga kiunoni.

Nguo niliirekebisha, zipu nikaiweka nje, nyeusi, ndefu, kila mtu aione. Alivaa Jumamosi mbili zaidi. Kisha akapanda meli kwenda Nansio. Badala ya zawadi nyingine yoyote aliomba kwa mwenye duka sidii moja, akapewa, wakati sisi hata televisheni hatuna. Nilimuuliza ataichezeshea wapi, kwenye kinu? Akasema tajiri wake mpya ana deki na jenereta.

Barua yake ya kwanza ilikuwa ya kurasa mbili. Ukurasa na nusu ulikuwa wa jinsi watu wa kule wanavyokusanyika Jumapili mchana baada ya misa, jinsi anavyowaeleza namna dubwana linavyotengenezwa, na jinsi wasivyoamini kwamba amewahi kuwa ndani yake. Watoto walipata mistari miwili. Mimi nilipata salamu, na swali kama ile gundi ya viatu niliyobandikia dubwana bado inapatikana mjini.

Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba mdogo anakohoa na paa la jikoni linavuja. Alikuja baada ya wiki tatu na kilo za dagaa, akaziba paa, akalala siku mbili, akaondoka na kopo la gundi.