Ng'ombe wa Sinema

Harufu ya zizi la babu yangu ilikuwa na saa zake. Alfajiri ilikuwa ya samadi yenye umande na maziwa ya moto yanayotoa povu kwenye kibuyu. Mchana, ng'ombe wakiwa malishoni, ilibaki harufu ya vumbi na mkojo uliokauka. Jioni waliporudi iliingia harufu ya majani waliyoyala, tukajua walilishwa upande gani bila kumwuliza mchungaji. Naikumbuka kila ninapotazama filamu zetu za siku hizi zinazodai kutokea kijijini. Ndicho kitu cha kwanza ninachokikosa, ingawa najua fika kwamba hakuna televisheni inayotoa harufu.

Juzijuzi nilitazama mbili mfululizo, nyumbani kwangu Mwanza, mvua ikiwa imenizuia kutoka. Ya kwanza ilikuwa na kijiji ambacho akina mama wote wanachota maji kwa ndoo mpya, na moja bado ina karatasi ya dukani ubavuni. Ya pili ilidai kuwa ya Usukumani. Mzee wa ukoo alivaa kofia iliyotariziwa ya watu wa pwani, na mlinzi wa tajiri alizungumza Kiswahili cha kuvutavuta ambacho mwigizaji wa Dar es Salaam anadhani ndicho chetu, watu wacheke. Mahari ililetwa ndani ya bahasha. Ng'ombe walitajwa kwa mdomo tu, na mmoja alionekana kwa mbali, amefungwa kamba kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, hana habari na mtu. Nilicheka kidogo, nikaenda kupika. Huwa siwadai watu wa filamu ukweli mwingi, kwa sababu niliwahi kuishi na mtu aliyewadai wote, na nyumba nzima ikakosa raha kwa muda mrefu.

Ilikuwa kijijini kwetu Zagayu, katika miaka ile ya ruksa, tukiwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Mambo yalikuwa yanafunguka kila upande. Pamba, ambayo tangu nizaliwe niliijua kuwa ya ushirika, ilianza kufuatwa na wanunuzi wenye malori yao. Bariadi mjini mitumba ilijaa sokoni mpaka watu wakachagua rangi, na nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli pakafunguliwa kibanda cha video chenye jenereta iliyopiga kelele kuliko filamu yenyewe. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nikilelewa kwa babu, na nililala chumba kimoja na shangazi yangu Kwandu, mdogo wa mwisho wa baba. Nilimwita sengi, kama sisi Wasukuma tunavyowaita dada za baba zetu.

Sengi Kwandu alikuwa mrefu, mwenye vidole vyepesi vya kuchuma pamba, na alikuwa na tabia ya kuziba mdomo kwa kiganja akicheka. Umri wa kuolewa, kwa hesabu za pale kijijini, ulikuwa umempa kisogo. Kijana aliyemwahidi zamani alikwenda kutafuta dhahabu Geita akaoa hukohuko. Nyumbani hakuna aliyelisema jambo hilo, lakini wenzake wa rika lake walikuja kumtembelea wakiwa na watoto mgongoni na wengine wakivuta sketi, na walipoondoka sengi alifagia uwanja ambao alikwisha kuufagia asubuhi. Mwaka huo ndipo yalipokuja maneno kutoka Mwandoya. Luhende, mkulima wa pamba aliyefiwa na mkewe, alituma wazee wawili kumposa. Babu aliwapokea vizuri, akawaambia atafikiri. Hakutaka waone kwamba ana haraka. Sengi ndiye aliyekuwa na haraka, na mimi niliyelala naye nilijua, maana aliniuliza zaidi ya mara moja kama Mwandoya ni mbali, wakati yeye alikwisha kufika na mimi sijafika.

Babu akiwa bado anafikiri, akaja Fideli. Alikuwa mpiga video za harusi kutoka Mwanza, mwembamba, mwenye koti la mifuko mingi, na sasa alitaka kutengeneza filamu yake mwenyewe, auze kanda. Hadithi ilikuwa ya kijana tajiri wa mjini anayerudi kwao kuoa msichana wa kijiji. Kijana huyo tayari alikwisha kupatikana, Sosi, muuza mitumba wa sokoni Bariadi, aliyechaguliwa kwa sababu suruali zote nzuri zilikuwa zake. Msichana hakuwapo. Fideli alimwona sengi akitoka kisimani, akasema huyohuyo. Babu alikubali kwa sababu alidhani ni picha ya kupigwa mara moja. Alipoelezwa kwamba kutakuwa na mahari, na kwamba Fideli amepanga ng'ombe wachache wa babu wazungushwe nyuma ya nyumba mara kadhaa ili waonekane wengi, alikataa palepale.

"Hapa hatuchezi na ng'ombe," alisema. "Mtu hajilipi mahari kutoka zizi lake. Kama ni mahari, iwe mahari."

Fideli hakuamini bahati yake. Alikuwa ametafuta asili kila mahali, na sasa asili imemkalia mbele kwenye kigoda. Ng'ombe wakaazimwa kwa jirani yetu Mzee Shigela, kundi zuri, wakaja kwa njia ya mbugani wakitanguliwa na vumbi. Babu alivaa koti lake la kanisani. Aliwasimamisha nje ya lango, akawakagua mmoja mmoja, akashika nundu, akafungua midomo, akamkataa jike mmoja mwenye pembe iliyovunjika, naye Mzee Shigela akaudhika kana kwamba ameonewa kweli. Kisha babu akamwuliza Sosi jina la baba yake na ukoo wao. Sosi, ambaye hakuwa amepewa maneno ya kujibu swali hilo, alitaja la kweli. Babu akautaja ukoo huo kwa sauti, akasema amewapokea ng'ombe wao, lango likafunguliwa. Wanawake wa jirani waliokuja kutazama walipiga vigelegele bila kuambiwa na mtu, kwa sababu ng'ombe wanaingia na vigelegele ndivyo vinavyofuata.

Sengi alisimama mlangoni mwa jikoni amefunikwa kanga mpya mbili. Ng'ombe walipoanza kupita mbele yake alilia. Hakulia kwa kelele, mabega tu yalitikisika na machozi yakashuka mpaka kidevuni. Fideli alimnong'oneza msaidizi wake asizime kamera, asizime kabisa. Sisi watoto tuliona ni ufundi mkubwa. Tulikwenda nyuma ya choo kujaribu kulia kama sengi, na hakuna aliyeweza. Jua lilipopungua Fideli akaomba ng'ombe wabaki, ili asubuhi awapige picha wakitoka na vumbi lenye mwanga. Basi wakalala zizini mwetu. Kesho yake alipata vumbi lake, akafunga mizigo, akarudi Mwanza akisifu kila kitu hadi uji.

Hazikupita siku nyingi wale wazee wa Luhende wakarudi kutoka Mwandoya. Safari hii hawakukubali viti vya ndani. Niliwapelekea maji, nikapiga magoti, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke, nilibaki.

"Tumesikia ng'ombe wameingia hapa," alisema mkubwa wao.

"Ilikuwa sinema," babu alisema.

"Uliwakagua?"

"Niliwakagua."

"Ukautaja ukoo wao?"

"Niliutaja."

"Wakalala?"

Babu alilitazama lango. "Walilala."

"Na akina mama walipiga vigelegele. Tumeambiwa vilisikika hadi shuleni." Yule mzee alisema hayo kwa upole, bila ubishi. "Basi mzee mwenzangu, sisi tutamposaje mke wa mtu?"

Babu angeweza kusema kwamba ng'ombe walikuwa wa kuazima, lakini nusu ya wanaume wa wilaya ile walioa kwa ng'ombe wa kuazima. Angeweza kusema kwamba Sosi hakuwa na nia, na hapo wangemwuliza tangu lini wanaulizana nia wakati ng'ombe wamekwisha kuvuka lango. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Wageni waliaga. Jikoni sengi alikuwa amekaa chini, mikono imelala mapajani, ugali unaungua mekoni na yeye anautazama. Niliogopa. Nilielewa, kwa akili yangu ya darasa la tatu, kwamba sinema ilikuwa imemwoa shangazi yangu kisha ikapanda basi ikarudi Mwanza.

Aliyepata njia ni sengi mwenyewe. Asubuhi aliniambia nivae viatu, tukaenda Bariadi sokoni. Sosi alikuwa juu ya meza yake ya mitumba, anapigia kelele wateja huku ametundika suruali shingoni. Alipomwona alicheka, akamwita "mke wangu" mbele ya watu.

"Ndiyo," sengi alisema. "Ndiyo maana nimekuja. Njoo uchukue ng'ombe wako."

Sosi aliendelea kucheka kidogo, halafu akamtazama usoni, akashuka mezani. Alifunika nguo zake kwa turubai, akatupeleka kwa baba yake, fundi viatu aliyekaa karibu na stendi, akamweleza jambo lote huku akikuna kichwa. Yule baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa sindano kwenye kiatu cha mtu, akaichomeka kwenye kola yake, akauliza ni lini.

Wakaazimwa tena wale ng'ombe wa Mzee Shigela, pamoja na yule wa pembe iliyovunjika, maana mwenyewe aligoma kuwatoa wengine kama huyo atabaguliwa mara ya pili. Huyo alisubiri nje ya lango. Wengine waliingizwa zizini kwanza, wakakaa kidogo, kisha wakatolewa mbele ya wazee wa Mwandoya walioitwa kushuhudia. Baba yake Sosi alikuja na koti na tai. Alimsalimu babu, mwadila kwa mwadila, kama Wasukuma wanavyosalimiana, akasema, "Nimeambiwa wiki hii kwamba nina mkamwana, na kwamba leo nimekuja kuachana naye. Sina ugomvi na nyumba hii." Babu akasema kwamba na yeye hana dai na ukoo ule, na akautaja tena kwa sauti ileile. Hakuna aliyepiga kigelegele. Hakukuwa na kamera. Ng'ombe walitoka langoni taratibu, wamechoka na mambo yetu, na mzee mkubwa wa Mwandoya aliomba maji ya kunywa, akaingia kuyanywa ndani, akiwa amekaa kwenye kiti.

Luhende alileta ng'ombe wake kabla ya mvua za kwanza. Walikuwa pungufu ya wale wa sinema na wamekonda kwa kiangazi. Babu aliwakagua haraka kuliko nilivyotegemea. Sengi hakulia. Alikuwa anachungulia kwenye dirisha la jikoni, kiganja mdomoni, na alinifinya bega kila ng'ombe alipovuka lango.

Filamu ilifika kwenye kibanda cha Bariadi baadaye, sengi akiwa amekwisha kwenda kwa mumewe. Babu alinichukua tukaitazame, tukakaa kwenye benchi la mbele tukivuta moshi wa jenereta. Ukaguzi wote ulikuwa umekatwa. Ukoo haukutajwa, na sauti ya babu haikuwamo, badala yake palipigwa kinanda. Ng'ombe waliruka tu kutoka mbugani hadi zizini, kisha ukaja uso wa sengi, mkubwa, umelowa machozi, na kibanda kizima kikasema aah. Babu alitazama mpaka ng'ombe wakaisha. "Wamewaingiza bila kuwakagua," alisema, akachukua fimbo yake, tukatoka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kosa la filamu ile ni hilo alilolisema babu, na kwamba kosa la hizi za leo ni hilohilo limekua likanenepa. Siku hizi sina uhakika sana. Babu hayupo, na zizi lake sasa ni shamba la mahindi. Hata harusi zetu za kweli zina mpiga picha anayewaambia wazee warudie kupokeana mikono kwa sababu mwanga haukukaa vizuri, na wazee wanarudia. Mahari nyingi za ukoo wetu zinakuja kwa simu. Huyo mtengeneza filamu mwenye bahasha pengine ameona vizuri kuliko mimi.

Nilipokwenda Mwandoya mwezi uliopita kumsalimia sengi, nilimwonyesha ile filamu ya pili kwenye simu. Ana mvi sasa, na Luhende hasikii vizuri, ila bado anapenda kukaa nje na mbuzi wake. Sengi alitazama bibi harusi wa kwenye simu akilia, akasogeza uso karibu. "Machozi yanatoka," alisema, "lakini kamasi haitoki. Mtu akilia kweli, pua inamwumbua." Nikacheka, nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza, kwamba Fideli alimwambia nini siku ile hadi akaweza kulia vile.

"Yaya," alisema, yaani hapana. "Fideli aliniambia nicheke. Alisema bibi harusi amefurahi, nicheke." Alifuta kioo cha simu kwa ncha ya kanga kabla ya kunirudishia. "Baba alikuwa bado anafikiri, na mimi nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, mwanangu. Nilipowaona wale ng'ombe wa Shigela wanaingia, wazuri vile, nikajiambia, Kwandu, watazame vizuri, wako ndio hawa, hawaji wengine."

Kisha akasimama, akatoka mlangoni, akamwita Luhende kwa sauti kubwa aje ale.