Mwokaji Mikate katika Jiko Lisilo na Moto

Gratien Niyongabo aliishi na moto miaka ishirini na miwili. Tanuri lake la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba, huku kwetu Kilibula, mjini Uvira, na sisi majirani hatukuhitaji saa ya ukutani. Harufu ya mikate ikipanda, tulijua watoto wamechelewa shule. Upande wa kushoto wa lile tanuri ulikuwa mkali kuliko wa kulia, kwa hiyo kila asubuhi sinia la kwanza liliungua pembeni. Hiyo mikate ya kuungua aliwagawia watoto bure, na wengine wetu tumekua tukiamini mkate mtamu ni ule wenye ukingo mweusi.

Aliyemkandia unga aliitwa Donatien, mtu wa Sange, mpole, mwenye mikono mirefu. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Sikuwahi kusikia wamegombana.

Mwezi wa saba mwaka 1998 mke wa Gratien, Mama Délice, alianguka sokoni kwenye meza yake ya vitenge. Anfirmiye, muuguzi wa zahanati, akampima, akasema ni ugonjwa wa sukari. Binti yao Délice, aliyekuwa ameolewa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, akatuma habari: huku kuna mwalimu anayewafundisha watu wa sukari kula vitu vibichi, visivyopita motoni, na wengi wamepata nafuu. Lakini mwalimu huyo anataka anayepika nyumbani ndiye ajifunze.

Nyumbani kwa Gratien, mpishi alikuwa Gratien.

Akampa Donatien ufunguo. "Ni wiki tatu tu," alimwambia. "Ile sinia ya kushoto uigeuze mapema." Halafu akavuka mpaka na mke wake kwenye taksi, akiwa na begi moja.

Mwalimu aliitwa Pélagie, mwanamke mwembamba aliyekuwa ameishi Ulaya miaka saba. Alifundishia nyumbani kwake, juu ya mlima wa Kiriri, kila siku kuanzia saa nne asubuhi. Gratien alikuwa mwanamume peke yake kati ya wanawake kumi na mmoja. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akatazama jiko lile. Hapakuwa na mafiga, wala mbabula ya makaa, wala alama ya moshi ukutani. Kila kitu kilikuwa cheupe na baridi. Kwao, nyumba ambayo moto wake umezimwa ni nyumba yenye msiba, na yeye aliingia akitafuta kwa macho mahali maiti ilipolazwa.

Hata hivyo alijifunza. Mikono ya mwokaji ni myepesi kujifunza. Alikata kabichi nyembamba kama nyuzi, akaisugua kwa chumvi mpaka ikalegea kama iliyochemshwa. Aliotesha choroko kwenye kitambaa kibichi. Alilaza vipande vya mukeke ndani ya maji ya ndimu, akakaa akiangalia nyama ya samaki ikigeuka kutoka rangi ya kioo kuwa nyeupe, imeiva bila kuguswa na moto. Hilo lilimtisha kuliko yote. "Ni nini kinaipika?" aliuliza. Pélagie akacheka. "Ndimu, Mzee Gratien. Hakuna mzimu humu."

Kutoka kwenye baraza ya jiko lile waliona upande wote wa kaskazini wa ziwa, na ng'ambo yake, chini ya milima, Uvira. Asubuhi hewa ikiwa safi, Gratien aliweza kukisia Kilibula iko wapi.

Wiki ya kwanza haijaisha vizuri, vita vikaanza upya huko kwetu. Njia ya Gatumba, ya kuvukia mpaka, ikafungwa. Watu wa Buyenzi wakakaa na redio sikioni, kila mmoja na habari yake. Gratien na mke wake hawakuwa na la kufanya. Mama Délice alilia, kisha akamwambia, "Weye enda tu kwa masomo. Ukikaa hapa utaniua na kutembeatembea."

Akaenda. Jumatatu ya wiki ya pili, akiwa anakuna karoti, akasikia harufu ya mkate.

Haikuwa ya mkate wowote tu. Ilikuwa mikate yake, imeanza kuungua upande mmoja. Akaacha karoti, akatoka barazani, akanusa upepo. Hakuna. Akarudi ndani, na harufu ikawa humo humo jikoni, nzito, kama tanuri liko nyuma ya ukuta. Akamwuliza mwanamke wa jirani yake kama anasikia kitu. Huyo alisikia kitunguu tu.

Kesho yake ikaja tena, saa ile ile. Na siku iliyofuata.

Jumatatu ya wiki ya tatu, Pélagie alisimama mbele yake ghafla. "Mzee Gratien, onyesha mikono."

Akaionyesha. Ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, unga mweupe wa ngano, umekauka kwenye mikunjo ya vidole. Jikoni mle hamkuwa na hata punje ya unga.

"Unamwokea mkeo mikate kwa siri," Pélagie alisema kwa hasira. "Unataka afe?"

"Mwalimu, minye nimetoka nyumbani nikaja hapa. Niliosha mikono pale, uliniona."

Alikuwa kweli amemwona. Wote huosha mikono kwenye beseni la mlangoni kabla ya kuingia. Pélagie akaishika mikono yake, akainusa, kisha akaiachia haraka kama mtu aliyeshika chuma cha moto. Jioni alishuka mwenyewe hadi Buyenzi, akakagua chumba chao na jiko la Délice. Hakupata mkate. Tangu siku hiyo hakusimama tena karibu na Gratien.

Jumatano ikafika. Walikuwa wanachanganya avoka na nyanya. Saa nne na nusu hivi, Gratien aliinua kichwa, uso umebadilika, akapiga kelele ambayo wale wanawake hawakuwahi kuisikia kutoka kwa mtu huyu wa taratibu:

"Donatien! Toka kwa mulango ya tanuri! Toka!"

Halafu akaanguka. Walipommwagia maji na kumwinua, shati lake lilikuwa linanuka moshi. Pélagie alimpa cheti chake siku hiyo hiyo, siku chache kabla ya wakati, akamwomba asirudi.

Harufu ya mikate haikuja tena.

Njia ilifunguliwa Septemba. Délice akamng'ang'ania mama yake abaki kwanza, kwa hiyo Gratien alivuka peke yake. Sisi tuliokuwa tumekimbia vita na kurudi Kilibula tulimwona akishuka kwenye taksi na begi lake, na nakumbuka hakuna aliyemkimbilia. Tulimwangalia tu. Alidhani ni vita vilivyotufanya hivyo.

Nyuma ya nyumba alikuta tanuri limebomoka. Bomu lilikuwa limeangukia pale pale mlangoni, mahali mkandaji anaposimama kutoa sinia. Akashika kichwa. Domitille, jirani yake wa ukuta mmoja, akaja polepole.

"Donatien iko muzima," alimwambia. "Lakini Papa Délice, kwa nini unashangaa? Ulikuwa hapa."

"Minye nilikuwa Bujumbura."

"Weye ulikuwa hapa. Sisi tuliobaki tulikuona na macho yetu. Kila asubuhi ulikuwa unasimama pale, mikono na unga, haukuwa unasema kitu. Nilikusalimia, haukuitika. Nilisema, huyu amepata shida gani? Ulikuwa unanuka ndimu."

Akamtafuta Donatien, akamkuta mtaa wa Rugenge kwa rafiki, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Donatien alisimama alipomwona, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Watu walikuwa na njaa," alisema, kama anayejitetea. "Nilipika kwa sababu ulikuja. Kama haungekuja ningekimbia kama wengine. Siku ya kwanza niliona umesimama, nikasema, kumbe Papa Délice amerudi, nikawasha moto. Nilikuongelesha, ukaangalia tu sinia. Nilikupa mkate, haukupokea. Siku kumi hivi. Ile Jumatano, ni siku moja tu ulifungua kinywa. Uliita jina yangu uko mbali, karibu na muhogo. Nikakufuata. Halafu bomu ikaanguka."

"Donatien, ndugu yangu," Gratien alisema, "basi ni vizuri. Tumepona."

"Ndiyo," Donatien alijibu. "Asante." Lakini hakutoka ukutani.

Walijenga tanuri upya, wakafanya kazi miezi miwili. Domitille alikuwa akiniambia jinsi ilivyokuwa. Donatien hakukubali kubaki pale na Gratien wakiwa wawili tu. Kila asubuhi alimsalimia kwanza kutoka kwenye njia, akangoja aitikiwe ndipo aingie. Gratien alijaribu kucheka, akajaribu kukasirika. Siku moja alimkuta Donatien akimwangalia chini, akitafuta kivuli chake kwenye vumbi. Mwezi wa kumi na moja Donatien alirudi Sange kulima mpunga. Hawakugombana hata wakati huo.

Mama Délice alirudi, akawa anakula kabichi ya chumvi na choroko za mumewe, na sukari ikashuka. Aliishi miaka mingi. Gratien aliendelea kuoka, na mkandaji mpya.

Mara moja tu alikwenda Sange, miaka mitatu baadaye, mchana, na mikate sita kwenye mfuko. Donatien alimkaribisha kwa heshima zote, akamwekea kiti nje, akaipokea mikate kwa mikono miwili. Waliongea habari za mvua na mpunga. Gratien alipoinuka kuaga, Donatien alimshika mkono, akaushikilia kwa muda, kana kwamba anaupima joto.

"Papa Délice, usikasirike. Weye uko hapa na minye. Na pale Kilibula, saa hii, wanaona nani?"

Gratien aliutoa mkono wake, akaaga. Alipanda lori la kurudi, akakaa juu ya magunia mpaka mjini. Akashuka kwetu karibu saa kumi na moja, jua bado liko, akapita mbele ya Domitille, mbele yangu, mbele ya wanawake waliokuwa wanachambua mboga za lengalenga. Alitusalimia mmoja mmoja, akaingia ndani. Hakumwuliza mtu yeyote kama alikuwa ameonekana siku ile.