Shemeji Aliyeniambia Nikauze Vitumbua

Admin, nifichie jina langu, maana Tanga ni ndogo na midomo ni mingi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeachika, nimerudi kwa mama Chumbageni. Mama anakaanga vitumbua. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyotusomesha mimi na mdogo wangu. Ramadhani oda zinakuwa nyingi mpaka zinachanganyikana, za msikitini anapewa mwenye hitma, basi ugomvi. Nikasema nitajifunza kuandika programu ya kompyuta impangie mama oda zake. Nina laptop ya mtumba na kichwa kigumu, nikadhani vinatosha.

Nilichagua kifaa cha bure cha kuandikia programu, ambacho maelezo yake ya Kiswahili yameandikwa na vijana wanaojitolea. Hawalipwi hata senti, Mungu awalipe, hilo sibishani. Lakini hebu nisikilizeni. Hatua ya kwanza nikaiweza, ya pili nikaiweza. Ya tatu imeandikwa: "Ukishaandaa hifadhidata kama kawaida, endelea." Kama kawaida! Kawaida ya nani? Mimi ndiyo kwanza naanza, hiyo kawaida niitoe wapi? Nikiendelea, skrini inajaa maandishi mekundu. Niliisoma hatua ile mpaka nikawa naiota, nikaamini kweli mimi ni mjinga kama alivyokuwa akiniambia aliyeniacha.

Wana grupu lao la maswali. Niliingia kwa jina la kiume, lile ambalo marehemu baba alikuwa akiniita kwa utani kwa sababu nilikuwa simbanduki akifungua redio za watu. Mwanamke akiuliza mle anaishia kuombwa picha. Nikauliza kwa adabu zote: "Samahani wakuu, kuandaa hifadhidata ndiyo kufanyaje?" Akanijibu yule yule aliyeandika maelezo: "Soma maelezo." Nikasema nimesoma, hapo ndipo nilipokwama. Akaandika: "Kaka, kama kusoma kunakushinda, kauze vitumbua." Watu wakamwaga emoji za kucheka. Mimi nimekaa jikoni, mama anageuza vitumbua mbele yangu, ananiuliza mbona macho mekundu. Nikamwambia moshi.

Sikuacha. Nikahangaika peke yangu, nikafuta, nikaanza upya, mpaka hatua iliyokosekana, ya kutengeneza hilo daftari la kompyuta la kutunzia oda, nikaipata. Mistari michache tu, jamani! Nikaiandika vizuri nikamtumia aiongeze, wanaoanza wasiteseke kama mimi. Akajibu: "Maelezo yako sawa, tatizo ni msomaji." Akanitoa kwenye grupu. Programu yenyewe nikaimaliza, mama akaanza kuitumia.

Sasa mdogo wangu akachumbiwa. Kijana anakaa Raskazone, anafanya kazi ofisini, kauli yake tamu. Alipokuja kula kwetu, mlangoni tu, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nyumba nzima ikampenda, na mimi nikampenda. Akala, akashiba, akanigeukia: "Shemeji, nasikia na wewe unachezachezea kompyuta. Ngoja nikuchekeshe." Akatoa simu. Akasoma swali langu neno kwa neno, kwa sauti ya mtu zezeta, na lile jina alilonipa baba akalitaja. Kisha akasoma na jibu alilolitoa yeye mwenyewe, lile la vitumbua. Kitumbua cha mama kiko mkononi mwake!

Mama akacheka. Alicheka kwa heshima ya mgeni, halafu akaitazama sahani ya vitumbua aliyoishika, akaenda jikoni kuleta chai wakati birika lilikuwa bado limejaa. Mdogo wangu yeye alicheka mpaka akajishika mbavu.

Mgeni alipoondoka nikamkamata mdogo wangu uani. Nikamwambia yule anayechekwa ni mimi.

"Najua, dada. Jina nililijua, kwani baba alikuwa wako peke yako?"

"Sasa mbona ulicheka?"

"Ulitaka nilie? Huyo shemeji yako, na shemeji ana ruhusa ya kutania. Halafu kwani uongo? Si kweli hukuelewa? Ndoa yako imekushinda, usije ukaniharibia na yangu."

Wallahi, afadhali angenizaba kibao.

Harusi ni Jumamosi hii. Kwetu bwana harusi akija kumchukua mkewe, dada mkubwa ndiye hushika mlango wa chumba. Hapiti mpaka atoe anachodaiwa, na kukasirika hakuna, maana ni utani wa mashemeji. Wengine hutaka hela, wengine humwimbisha. Mimi sitaki hela yake. Ujumbe wake wa vitumbua nimeuhifadhi kwenye simu. Nataka asimame pale mlangoni, mama yake nyuma yake, wanawake wa mtaa mzima wamejaa ukumbini, ausome kwa sauti. Akimaliza nitamwambia yule "kaka" ni nani. Akiuliza nataka nini zaidi, jibu analijua mwenyewe: soma maelezo.

Nimeshaipanga roho yangu, na sioni aibu kusema kwamba nataka alie. Mdogo wangu naye atakuwa ndani, nyuma ya mlango huo huo, anasikia kila neno.

Kinachonisumbua ni mama. Jana kaniita, hakuniangalia usoni, akasema, "Mwanangu, mimi nimetukaniwa vitumbua vyangu na wakubwa kuliko huyo. Mlango utakapoushika, ushike vizuri." Nikamuuliza vizuri ndiyo vipi. Akaenda kulowesha mchele. Bwana harusi ameomba vitumbua vya mama kwenye chai ya harusi, na mama anaikagua oda hiyo kwenye programu yangu, anabonyeza kwa kidole kimoja chenye unga.

Wenzangu mnaosoma hapa, msinionee huruma, nipeni akili. Jumamosi akigonga, nimfungulie tu apite, au nimsomeshe kwanza?