Nilianika mboga juu ya jiwe la sanaa Australia, binti yangu akapigiwa simu kazini

Wakuu, heshima kwenu. Wengi humu mna umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjaziandika. Wagogo wenzangu, mbukwenyi.

Nimeishia darasa la nne na naandika kwa kidole kimoja. Herufi ikikosewa, piteni. Ila habari yenyewe ni kweli tupu. Umri huu kutunga uongo kunachosha.

Mimi ni mtu wa Hombolo. Mwanangu wa mwisho, Neema, yuko Australia muda mrefu, anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Baba yake alipofariki akanichukua nikae naye.

Mji wake ni mdogo, uko bara, mbali na bahari. Udongo mwekundu, jua kali, vumbi. Nilishuka kwenye gari nikamwambia, "Umenizungusha angani kutwa nzima kunileta Dodoma?"

Shida ilikuwa mlango.

Mlango wa kule ukiusukuma tu umejifunga. Ukitoka bila ufunguo umebaki nje mpaka mwenye nyumba arudi. Na Neema anatoka asubuhi, anarudi jioni. Nikamwomba ufunguo wangu.

"Wa nini Mama? Unakwenda wapi?"

"Nje."

"Nje kuna nini? Kazini kwangu mzee akitoka peke yake tunaita polisi."

"Mimi si mgonjwa wako, Neema."

Ufunguo sikupewa.

Nikajiwekea miezi mitatu. Hali ikibaki vile, narudi Hombolo kwenye zabibu zangu. Mtu aliyezoea kuamka na jembe humuweki kwenye kochi kama mto.

Wakati nasubiri, nikawa naegesha mlango wa nyuma kwa ndala, natoka. Karatasi ya anwani na namba ya Neema nimeifunga kwenye pindo la kanga.

Wakuu, nilitembea.

Mikaratusi hii tunayopanda mashuleni, kumbe kwao ni kule. Inabambuka gome, linaning'inia kama nguo zilizochanika.

Kasuku weupe wanatua chini wanadonoa kama kuku, wala hakuna anayewashangaa.

Kangaruu nilimkuta asubuhi kwenye uwanja wa mpira, kasimama mikono kifuani kama mwenyekiti wa mtaa anayesubiri watu wa mkutano. Tukatazamana. Akaondoka yeye.

Halafu kuna maghala ya ngano, marefu, wameyachora toka chini mpaka juu. Mwanamke mzee kambeba mwanakondoo. Kiganja chake tu ni kikubwa kuliko nyumba yangu. Kwetu ghala linaandikwa namba, basi. Nilimtazama yule mama mpaka shingo ikauma. Kucha zake zilikuwa na udongo. Aliyechora alikuwa amemwangalia mtu kweli, hakukisia.

Sasa nyuma ya uwanja kuna korongo, na kwenye korongo nikaona mchicha pori. Na mchunga! Watu wanapita na mbwa wao, hakuna anayechuma. Nikajaza kanga.

Mtu wa kwetu akishachuma anatafuta jabali. Mboga ya kiangazi tunaianika juu ya mwamba, inapata joto la juu na la chini, inakauka kabla haijapoteza rangi.

Pale kwenye bustani ya mji palikuwa na mawe mengi, moja kubwa, pana, laini, limeinama kidogo upande mmoja. Pembeni lina kibao. Kiingereza sisomi, nikadhani ni tangazo la kiwanja.

Nikaanika. Siku ya kwanza safi. Ya pili safi.

Siku ya tatu narudi kugeuza mboga, nakuta mwanaume wa manispaa kavaa kizibao cha rangi ya chungwa, na bibi mmoja wa Kizungu mwenye mvi. Yule mwanaume anaongea, mimi namuonyesha karatasi. Akapiga simu.

Neema alikuja na sare ya kazi, anahema.

"Mama! Hiyo ni sanaa! Huyu mama ndiye aliyeichonga!"

"Kaichonga vizuri. Inakausha."

"Hapa si Hombolo, Mama. Na majani ya barabarani wanapiga dawa ya kuua magugu. Ungekula?"

"Tumekula jana. Ulidhani ni ya dukani, ukaongeza mara mbili."

Nikawapeleka wote mpaka korongoni. Yule mwanaume akaangalia, akasema huko hawapigi dawa, wanapiga kandokando ya barabara tu. Ila nilikosea, nakiri. Kuuliza nilipaswa niulize kwanza.

Tuliporudi kwenye jiwe, yule bibi akamwambia Neema aniulize, mawe yote yale, kwa nini hili?

Nikamjibu, limeinama kwa hiyo maji hayakai, upepo haulifikii, na jioni jua likizama bado lina joto. Ila kule nyuma umeacha shimo, mvua ikinyesha patatuama.

Neema hakutaka kutafsiri hilo la mwisho. Nikamkazia macho, akatafsiri.

Bibi akazunguka nyuma ya jiwe lake, akapapasa lile shimo, akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema mboga ibaki mpaka ikauke.

Kwenye gari Neema akauliza, "Kule korongoni umekwenda mara ngapi?"

"Kila siku. Wiki ya sita hii."

"Na mlango?"

"Ndala."

"Hukupotea hata mara moja?"

"Nimechunga ng'ombe porini nikiwa sijaota meno ya ukubwani. Nije nipotee kwenye barabara zilizonyooka?"

Akafuta macho kwa mkono wa sare. Akasema, "Kazini nawaona wazee wanavyotoka wakapotea, Mama. Kila nikitoka asubuhi nakuwazia na wewe hivyo."

Nilikuwa sijui kama analala na hofu hiyo.

Kesho yake alichelewa kazini kwa makusudi. Alikwenda kwa fundi, akarudi, akaweka ufunguo mpya pembeni ya kikombe changu cha chai.

"Saa kumi uwe umerudi," akasema.

"Saa kumi na moja," nikamwambia.

Miezi mitatu ilipita, na nipo huku mpaka leo.

Ninyi mnaowaita wazazi wenu ughaibuni, msikimbilie kununua koti. Chongesheni ufunguo kwanza. Na sisi wazazi tuulize watoto wanaogopa nini kabla ya kuwakasirikia.

Aliyepitia haya aandike hapa chini. Na anayejua mlenda kama unaota huku aniambie ni upande gani, miguu ninayo.