Nimeona Tu

Kila nikimenya chungwa la Makueni, harufu ya maganda yake inanirudishia msichana niliyeketi naye dawati moja. Mwalimu aliandika ubaoni hesabu ya eksi kyubu, akatuambia tutafute mizizi yake mitatu, yaani namba zinazoifanya iwe sifuri. Nilijaribu namba moja baada ya nyingine, jasho likilowesha karatasi. Yeye alikuwa akimenya chungwa chini ya dawati.

“Moja, mbili na hasi tatu,” akasema, mdomo umejaa.

Mimi ningechapwa kwa hilo chungwa. Yeye, mwalimu alimchekea.

“Umejuaje, msichana?”

“Nimeona tu, mwalimu.”

Kengele ilipokaribia kulia, nami nikapata, kwa kukokotoa mwenyewe hatua kwa hatua, moja, mbili na hasi tatu. Mwalimu aliweka tiki, akapita. Hakuniuliza nimejuaje.